Mkaguzi Nimemfungulia Mlango

Nyumbani kwa Bibi Tufaha,
Kanyenye,
Tabora.
9 Novemba 2024

Mpendwa Shangazi Jihan,

Assalaam alaykum, na shikamoo Shangazi. Naomba barua hii ikukute mzima huko Muscat, wewe na wote wa nyumbani kwako, na lile goti liwe limepoa. Uliposema kwamba ngazi unapanda kwa kushika ukuta, moyo uliniuma. Likande kwa maji ya moto, usione uvivu.

Sisi hapa tupo, tunashukuru. Joto ni kali. Mvua ilichungulia mara moja ikarudi ilikotoka, na maji ya bomba yanakuja yanapotaka yenyewe. Haifa wangu anaota meno. Analia mpaka sauti inakauka, halafu anacheka ghafla kama si yeye aliyekuwa analia. Mume wangu Sadiki bado yuko Mpanda kwenye kazi ya kupaua, akimaliza nyumba moja wanampa nyingine, na mimi namwambia sawa, ingawa usingizi wangu umeshakuwa wa kuibia. Mshono wa ule upasuaji wangu umefunga vizuri. Ila nikiinama sana unanivuta, na daktari amenikataza kunyanyua chochote kizito kwa sasa.

Mama yako anaendelea. Anakula. Mkono wa kulia bado umelala na mdomo umevutika upande, lakini akili ni ileile uliyoiacha. Maneno yanamtoka moja moja, kama mtu anayechambua mawe kwenye mchele. Juzi nilimpelekea uji, akaonja kijiko kimoja, akaniambia, "Mrudishie aliyeupika." Na aliyeupika ni mimi.

Sasa Shangazi, naingia kwenye jambo lenyewe. Kwenye simu sikuweza kulisema, maana simu tunayokupigia ni ya Ami Murtadha, anaishika mwenyewe, na Bibi yuko pale pale anasikia. Halafu mdomo wangu mbele yako ni mzito, nimekua nikikuogopa kwa heshima. Kalamu afadhali. Selemani wa jirani anasafiri kuja huko keshokutwa, barua hii nampa mkononi pamoja na asali kidogo.

Ni hivi. Ulimwambia Ami mlango ufungwe, mkaguzi asikanyage tena nyumba ya mama yako. Mimi nimemfungulia. Nakuomba usikasirike kabla hujafika mwisho, kwa sababu kinachotafutwa hapa ni kimoja tu: Pelagia arudi kumhudumia Bibi, au asirudi tena.

Pelagia unamjua kwa picha, yule dada wa Puge mwenye mwanya, mhudumu tunayeletewa na kile kituo cha huduma za nyumbani ulichotutafutia wewe mwenyewe. Tangu Bibi apooze, yeye ndiye anayemwogesha, anamnyoosha viungo na kumgeuza kitandani ili nyama isioze. Bibi hamwiti kwa jina, anamwita "mkwe wangu," sijui mkwe wa nani, na Pelagia anaitika.

Hawa wa vituo nao huwa wanakaguliwa. Mimi sikuwa najua. Nilidhani mkaguzi anakaa ofisini kwao, anasoma makaratasi, anakunywa soda, anaondoka. Kumbe anachagua nyumba za wagonjwa anakwenda kuona kwa macho. Safari hii ikachaguliwa nyumba yetu, na kituo wakatupigia kutuambia siku.

Hapo ndipo tulipoharibu, Shangazi, na tuliharibu kwa wema. Ami aliposikia mgeni wa serikali anakuja, akasema nyumba ya baba yake haitaaibika. Tukapiga deki mpaka uani. Yeye alisema, "Hayo matambara yasionekane," akimaanisha mito ya sufi aliyoshona Pelagia kwa kanga kuukuu, ile ya kumwekea Bibi mgongoni na chini ya visigino. Ikaenda stoo. Kiti cha choo alichochonga Sadiki kikaenda stoo. Hata beseni. Kitanda kikatandikwa shuka za harusi yako, zile ulizoziacha. Bibi akapakwa hina, akavishwa, akafukizwa udi, akakalishwa sebuleni kwenye kiti cha mahameli tangu asubuhi. Pelagia alikuja akamkuta hapo. Akasema taratibu, "Baba, Bibi hawezi kukaa muda wote huo." Ami akamjibu, "Binti, leo sisi ndio tunaokusifia wewe. Kaa utulie."

Mkaguzi akafika mchana jua likiwa kali. Mama wa makamo, anaitwa Mama Bertila, viatu vimejaa vumbi, mkoba begani. Tumepika pilau ya mbuzi na kachumbari, juisi ya ukwaju iko tayari. Hakuonja. Alisema, "Baba, nashukuru sana, ila sili kwenye nyumba ninayoikagua. Si dharau, ndiyo kazi yenyewe." Ami uso ukabadilika palepale.

Mkaguzi akamgeukia Bibi, akamuuliza kama anakaa pale kila siku. Ami akajibu yeye, "Kila siku, alhamdulillah." Yule mama akasema, "Namuuliza Bibi." Bibi alikuwa amechoka vibaya, jasho limemtoka, alikuwa anaitazama pilau tu. Mkaguzi akaingia chumbani, akaona kitanda cha bibi harusi. Akauliza mnamgeuza kwa kutumia nini, kiko wapi cha kumsaidia haja, mgongo wake ukoje. Ami akasema mgongo ni mzima. Mkaguzi akaomba auone. Ami akasema, "Mama yangu hafunuliwi mbele ya mgeni. Na mgeni mwenyewe hata maji yetu hataki."

Mimi nilikuwa mlangoni na mtoto mgongoni. Nilijua kuna kidonda chini ya mgongo, kikubwa kama kiganja cha Haifa. Pelagia alijua. Tukanyamaza wote wawili, mimi kwa kumwogopa Ami, yeye kwa woga wake mwingine ambao sikuujua siku ile.

Wewe uliambiwa kwamba walitaka kumvua mama yako nguo. Hayo mengine nadhani hukuambiwa.

Yaliyofuata ni mepesi kuelewa. Mtu akija kukagua, akaonyeshwa mgonjwa asiyegeuzwa, kitanda kisichotumika, na mgongo unaofichwa, atasemaje? Kituo wakamwambia Pelagia aache kwanza kuja kwetu mpaka mkaguzi arudi tena, na safari hiyo hatatoa taarifa ya siku atakayokuja. Sisi tuliotaka kumpamba ndio tuliomfukuzisha kazi. Ami akasema haidhuru, atatafuta binti wa kule Ntalikwa aje alale hapa. Nikamuuliza huyo binti atajua kumgeuza? Akasema, "Kwani mama zetu waliguswa na nani? Na wasomi?" Binti mwenyewe hakupatikana.

Basi Shangazi, nikabaki mimi. Sitaki kukuliza. Asubuhi Haifa analia, Bibi amelowa, chungu kiko motoni. Siwezi kumnyanyua, nikijaribu mshono unaniambia niache. Namsukuma kidogo huku, naweka mto, namsukuma kidogo kule. Jirani Swaumu akiwa na nafasi anakuja, lakini naye ana genge lake sokoni. Kidonda kilichokuwa kinaanza kukauka kikafunguka tena. Nilikiona siku moja namfuta, nikatoka uani nikakaa chini kwenye ndoo iliyogeuzwa. Sikulia hata. Nilichoka tu, nikabaki nimekaa.

Niliporudi ndani nikaamua kumuuliza mwenyewe. Ajabu, hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa amemuuliza. Nilimwambia, "Bibi, yule mama mkaguzi anataka kuona mgongo wako ndipo Pelagia arudi. Ami hataki. Shangazi Jihan naye amekataza."

Unakumbuka Shangazi kwamba mama yako ndiye alikuwa mwosha wa wanawake hapa Kanyenye. Wote waliotangulia, yeye ndiye aliyewavua na kuwavika sanda, na hajawahi kutoka chumba cha kuoshea akasema fulani nilimwona hivi. Aliniangalia kwa lile jicho zima. Akaanza kutoa maneno yake, moja, moja, mimi namfuta mate.

"Nimewafunua mtaa mzima. Nani alisikia?"

Nikamwambia hakuna, Bibi.

"Huyo mama naye ana kazi kama yangu. Anaona, ananyamaza, anasema panapotakiwa." Akapumzika. "Mimi mwosha nimemkuta maiti ana shimo mgongoni watoto wake hawajui. Walikuwa wamemficha. Mimi sitaki mwosha ndiye aone wa kwanza."

Ndiyo maneno yake, sijaongeza. Baada ya hapo akaniambia niifuate mito yake stoo.

Wiki haikuisha, Mama Bertila akaja. Ilikuwa asubuhi, nyumba ndiyo kama nyumba. Vitunguu nimemenya nusu, nepi za Haifa ziko kwenye kamba, mimi nina kanga moja. Alibisha hodi akasimama nje ya kizingiti, akasema, "Nimesikia sikaribishwi. Nikirudi nitaandika tu kwamba sikukaribishwa." Nilisema karibu Mama, nikasogea pembeni.

Alinawa mikono kwa sabuni yake mwenyewe. Akamwamkia Bibi kwanza, akavuta kigoda akakaa chini kuliko kitanda, akamwomba ruhusa. Bibi akafumba jicho, ndiyo. Ikawa ndiyo wakati Ami anapita kutoka dukani, akakuta viatu vya mgeni mlangoni. Akaingia mpaka kwenye pazia, hasira zote ziko usoni. Bibi akamwona.

"Murtadha," akamwambia, "nenda uani. Namwonyesha mgeni mgongo wangu. Wako huombwi."

Ami akaenda uani. Shangazi, sijawahi kumwona mtu mzima akienda uani vile.

Na mimi pia nilitolewa. Mkaguzi alitaka kuzungumza na Bibi peke yao, ndivyo wanavyofanya, ili mgonjwa aseme bila kuwaangalia wa nyumbani usoni. Aliyoulizwa Bibi amenisimulia mwenyewe. Kama akitaka maji usiku anayapata. Kama kuna anayemfokea. Kama kuna anayempiga. Bibi akajibu, "Wa kunipiga mimi bado hajazaliwa." Akaulizwa, Pelagia akimuumiza atamwambia nani? Akasema, "Ningemwambia binti yangu Jihan. Lakini simu anashika Murtadha." Hilo nakuandikia kama lilivyo.

Kisha mkaguzi akaniita, tukamgeuza Bibi kwa pamoja, kanga imemfunika, pametokea pale pa kidonda tu. Alipima kwa kijikaratasi, akaangalia kingo zake kwa muda. Alisema kwa upole, lakini alisema. "Hiki si cha kulala tu. Hapa ngozi imeburutwa. Nani anamgeuza, na anamgeuza na nani?"

Hapo ndipo nilipoelewa. Zamani tulikuwa tunamgeuza wawili, Pelagia na mimi, tumeshika shuka huku na huku, anainuliwa hagusi godoro. Nilipopasuliwa, Pelagia akawa anamvuta peke yake. Hakuwahi kuniambia kwamba hairuhusiwi. Aliogopa kituo wakijua hakuna mtu wa pili watatutoa kwenye huduma, na aliogopa mimi nikijua nitajilazimisha kunyanyua na mshono mbichi. Baadaye alipoitwa mbele ya mkaguzi alilia, akasema yote. Nami sikuweza kumlaumu, kwa sababu kwenye nyumba hii kila mtu alikuwa anaficha kitu kwa kumhurumia mwenzake, na aliyekuwa analipia ni mgongo wa Bibi.

Si hilo tu aliloliona. Dawa za Bibi nilikuwa naziweka dirishani, akasema Haifa akianza kusimama zitakuwa za kwanza kuliwa, ziende juu ya kabati. Glavu chafu tulikuwa tunatupa jalala moja na maganda ya jikoni. Akataka namba ya kituo ya kulalamikia ibandikwe ukutani Bibi anapoiona, na Bibi awe na nafasi ya kuzungumza na wewe bila mtu pembeni. Nilidhani atatukaripia. Aliniuliza mimi ninalala saa ngapi, nikamwonyesha Haifa, akaandika jambo, sijui nini.

Uamuzi wake ndio huu. Pelagia si mhudumu mbaya, anaweza kurudi. Lakini hatamgeuza Bibi peke yake hata mara moja. Kituo hakina mtu wa pili wa kumtuma kila siku, kwa hiyo awepo mtu wa nyumbani aliyefundishwa, mwenye nguvu, na awepo kweli, asiwe wa jina. Apatikane kabla ya mwisho wa mwezi huu. Akikosekana, kituo kitaacha kuja kwetu, kwa usalama wa Bibi na wa Pelagia mwenyewe.

Sadiki yuko mbali na mimi siwezi. Swaumu ana genge. Aliyebaki unamjua. Duka lake liko hatua chache kutoka hapa, na ana mikono kama ya mchukuzi wa gunia.

Nilipomwambia, alichukua kofia yake akarudi dukani. Kwake yeye mama ni wa kubusu mkono, si wa kushikiwa shuka. Nadhani pia anaogopa, Shangazi. Hajawahi kuingia chumba kile akakaa, husimama mlangoni, husalimia, huacha matunda. Lakini jana Pelagia aliruhusiwa kuja mara moja kufundisha, na Ami akatokea, kanzu amekunja mikono mpaka kwenye viwiko. Bibi tumemfunika kanga mpaka kifuani, hakuna kinachoonekana ila uso na vidole vya miguu. Pelagia akamwonyesha pa kushika. Ami akashika ncha zake mbili za shuka, akafumba macho kabisa.

Bibi akamwambia, "Murtadha, fumbua macho. Utaniangusha."

Akafumbua. Pelagia akahesabu, wakainua, Bibi akapita juu ya godoro, akashushwa ubavu wa pili. Hakuguna. Mimi nikimsukuma huguna kila mara, hata akijizuia namsikia. Jana hakuguna.

Ami alitoka akakaa barazani, akaomba chai, nikampelekea, ikapoa mbele yake. Mwisho akasema, "Si kwamba nimekubali. Ijumaa nikimpigia Jihan nitamuuliza. Mama ni wake pia."

Kwa hiyo Shangazi, atakuuliza wewe. Barua hii itakuwa imekufikia kabla ya Ijumaa, Inshallah, ndiyo maana naandika haraka na mwandiko umekuwa hivi, Haifa yuko mapajani anavuta karatasi. Kama nimekukosea kwa kufungua mlango uliosema ufungwe, nisamehe, nipo radhi unigombeze nikusikie. Ila ndugu yako akikupigia usimuulize mengi, na usimwambie kwamba nimekuandikia. Mwambie tu ashike shuka.

Nisalimie Mzee Darwesh, mwambie dua zake tunazihitaji. Wasalimie watoto wote, na hasa Muadh, aache kukimbia kwenye hizo ngazi. Swaumu na Pelagia wanakusalimia. Mama yako anasema hana salamu, anasubiri simu, ya mikononi mwake.

Mwenyezi Mungu akuangalie ulipo, akuondolee maumivu, atukutanishe Bibi akiwa bado anatugombeza.

Ni mimi mwanao, nikupendaye na kukuogopa kidogo,

Shamila